Kuhifadhi na Kuonyesha Vigeu katika R: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Takwimu

Anayejifunza kuchambua takwimu kwa kompyuta hukutana na mambo mawili kabla ya mengine yote: kuipa kompyuta thamani fulani iitunze, na kuiamuru iionyeshe tena. Mambo hayo huonekana mepesi kiasi kwamba katika madarasa mengi hupitiwa haraka ili somo lifike kwenye wastani na grafu. Mwongozo huu unayapa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kile kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta na kile kinachoonekana kwenye skrini si kitu kimoja kila wakati, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kudhani kwamba ni kitu kimoja.

Mifano yote imechukuliwa kwenye kazi ambayo mtu wa Moshi anaifahamu, yaani mizani ya kahawa kavu katika chama cha msingi, ambako karani huandika kilo za kila mkulima na kuzizidisha kwa bei. Bei ya shilingi 6,000 kwa kilo na uzito utakaouona hapa vimechaguliwa ili hesabu ziwe rahisi kufuatilia, na visichukuliwe kuwa taarifa za soko.

Lugha tutakayotumia ni R, iliyotungwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Haina malipo ya leseni, na ukishaipakua na kuisakinisha mara moja hufanya kazi bila intaneti, jambo lenye maana kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa siku. Ukipenda unaweza kuongeza RStudio, ambayo hurahisisha uandishi, ingawa kila amri iliyomo humu inafanya kazi hata bila hiyo.

Hatua ya kwanza: kuhifadhi thamani

Fungua R. Utaona alama ya `>` ambayo maana yake ni kwamba programu inasubiri amri. Andika mistari hii mitatu, ukibonyeza Enter baada ya kila mmoja:

```
kilo <- 48.5
bei <- 6000
malipo <- kilo * bei
```

Hakuna kitakachoonekana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mshale unaoundwa na alama ya "ndogo kuliko" ikifuatwa na kistari huiamuru R ikokotoe kilicho upande wa kulia, kisha matokeo yake iyape jina lililo upande wa kushoto. Jina hilo pamoja na thamani yake ndicho kigeu. Ukimya wa R baada ya amri ya kuhifadhi ni dalili kwamba imepokea, kwa hiyo usirudie amri kwa kudhani kwamba haikusikika. Alama ya `=` nayo inaweza kuhifadhi, lakini watumiaji wengi wa R hupendelea mshale, nami naupendekeza kwa sababu unaonyesha wazi thamani inaelekea wapi. Katika RStudio mshale huandikwa kwa kubonyeza Alt pamoja na kitufe cha kistari.

Jizoeze tangu mwanzo kuacha nafasi pande zote mbili za mshale. Sababu yake si urembo. Chukua mfano wa anayerekodi nyuzi za joto katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akitaka kuuliza kama joto liko chini ya nyuzi hasi tano. Akiandika `joto < -5` atapata jibu la ndiyo au hapana, lakini akibananisha herufi na kuandika `joto<-5`, R itasoma mshale, itafuta kipimo chake na kuweka tano mahali pake, bila onyo lolote.

Kuchagua majina

Jina la kigeu kwa kawaida huanza na herufi, na linaweza kuendelea kwa herufi, tarakimu, nukta au kistari cha chini. Haliruhusiwi kuwa na nafasi ndani yake, wala kuanza na tarakimu au kistari cha chini. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa, kwa hiyo `Kilo` na `kilo` ni vigeu viwili visivyojuana. Maneno machache, kama `if`, `for`, `TRUE` na `NA`, yamehodhiwa na lugha yenyewe na hayawezi kuwa majina. Mengine, kama `c`, `mean` na `T`, hayakukatazwa, ila kuyatumia ni kujitafutia utata.

Hakuna sababu ya kuvipa vigeu vyako majina ya Kiingereza. Kiswahili cha kawaida hakina herufi zenye alama juu yake, kwa hiyo maneno yetu yanaingia katika R bila shida, na upatanisho wa ngeli unatupa faida ya ziada: `mkulima` kwa mtu mmoja na `wakulima` kwa orodha nzima ni tofauti ambayo msomaji wa skripti yako, yaani faili la amri zako, ataielewa papo hapo. Majina kama `bei_kwa_kilo` yanachosha kidogo kuyaandika, lakini baada ya mwezi mmoja utashukuru kuwa hukuandika `b2`.

Hatua ya pili: kuona kilichohifadhiwa

Njia fupi kuliko zote ni kuandika jina la kigeu peke yake. Njia kamili ni amri ya `print()`. Ukitaka kuhifadhi na kuona kwa pamoja, zungushia mstari mzima mabano.

```
> malipo
[1] 291000
> print(malipo)
[1] 291000
> (malipo <- kilo * bei)
[1] 291000
```

Ile `[1]` iliyo mwanzoni si sehemu ya jibu. R huichukulia kila thamani kuwa orodha, hata kama ina kitu kimoja tu, na alama hiyo inaeleza kwamba kitu cha kwanza katika mstari huo ndicho cha kwanza katika orodha. Orodha ikiwa ndefu na kuvuka mistari kadhaa, mstari wa pili unaweza kuanza na `[13]` au namba nyingine, kutegemea upana wa dirisha.

Sasa mkulima amerudi na kilo moja na nusu zaidi, na karani anarekebisha uzito:

```
> kilo <- 50
> malipo
[1] 291000
```

Malipo hayakubadilika. Aliyezoea jedwali la Excel, ambako kisanduku chenye kanuni hujikokotoa upya kila thamani inayotumiwa na kanuni hiyo inapoguswa, hushangazwa sana na jambo hili. R haikuhifadhi kanuni ya kuzidisha kilo kwa bei; ilihifadhi zao lake, yaani 291000, na zao hilo halikumbuki lilitoka wapi. Kila unapobadilisha kigeu cha awali ni lazima urudie mistari yote inayokitegemea. Tuurudie:

```
> malipo <- kilo * bei
> malipo
[1] 3e+05
```

Hapa wanaoanza wengi husimama wakijiuliza wamekosea wapi. Hawajakosea, na thamani iliyohifadhiwa ni laki tatu kamili. Kabla ya kuonyesha namba, R hulinganisha upana wa maandishi ya kawaida na upana wa maandishi ya kisayansi, kisha huchagua yale mafupi zaidi. `300000` ina herufi sita, `3e+05` ina tano, basi ya pili ikashinda. Ile 291000 ilisalimika kwa sababu `2.91e+05` ingekuwa ndefu zaidi. Kwa hesabu za shilingi, ambako laki na milioni kamili hujitokeza kila saa, ni busara kuanza kila skripti kwa mstari huu:

```
options(scipen = 999)
```

Amri hiyo inaiambia R ipendelee maandishi ya kawaida. Haibadilishi hata senti moja ya kilichohifadhiwa.

Aina za thamani, na namna R inavyozitofautisha

Namba huandikwa bila alama za nukuu, na desimali zake hutenganishwa kwa nukta. Mkato wa maelfu tuliouzoea kwenye risiti haukubaliki: ukiandika `bei <- 6,000`, R itakataa na kulalamika kwamba imekutana na mkato usiotarajiwa. Maandishi huwekwa ndani ya alama za nukuu, la sivyo R itayadhania kuwa jina la kigeu na kudai kwamba kigeu hicho hakipo. Aina ya tatu ni ya kimantiki, ambayo ina thamani za `TRUE` na `FALSE` tu.

```
kijiji <- "Kibosho"
namba_ya_uanachama <- "0047"
amelipwa <- FALSE
```

Namba ya uanachama imewekwa kwenye nukuu kwa makusudi. Ingeandikwa kama namba, sufuri za mbele zingepotea na mwanachama 0047 angebaki 47. Kanuni nyepesi ni kwamba kisichojumlishwa wala kutafutiwa wastani, kama vile namba za simu na za vitambulisho, kihifadhiwe kama maandishi.

Mwandishi wa Kiswahili ana mtego wake mwenyewe hapa. R inakubali nukuu moja na nukuu mbili, lakini maneno yenye ng' huvuruga zile za moja. Ukiandika `'ng'ombe'`, R itaona neno limefungwa baada ya herufi mbili za kwanza, kisha itashindwa kuelewa mabaki. Andika `"ng'ombe"` na tatizo litaisha. Vilevile, ukinakili amri kutoka WhatsApp au Word, nukuu zilizopinda hazitakubaliwa. Zifute na uziandike upya kwa kibodi. Na kama badala ya `>` umeona `+`, maana yake ni kwamba kuna nukuu au mabano ambayo hayajafungwa: yafunge, au bonyeza Esc uanze upya, na ikiwa unatumia R ndani ya terminali, bonyeza Ctrl na C.

Hatari kubwa zaidi ni namba iliyojificha kama maandishi. `"6000"` na `6000` zinafanana machoni, lakini ya kwanza haizidishiki:

```
> bei_mpya <- "6000"
> bei_mpya * 50
Error in bei_mpya * 50 : non-numeric argument to binary operator
> class(bei_mpya)
[1] "character"
> as.numeric(bei_mpya) * 50
[1] 300000
```

Ujumbe huo wa kosa unasema kwamba mojawapo ya pande mbili za kuzidisha si namba. Amri ya `class()` hukuambia aina halisi ya kilichohifadhiwa, na naishauri itumiwe kila data inapoingizwa kutoka kwenye faili. Kumbuka pia kwamba `as.numeric("6,000")` haitakupa elfu sita, bali `NA`, yaani thamani isiyojulikana, pamoja na onyo. Ondoa mkato kwanza kwa `gsub(",", "", "6,000")`, ndipo ugeuze.

Hatua ya tatu: thamani nyingi katika kigeu kimoja

Takwimu hazifanyiki kwa mkulima mmoja. Amri ya `c()` hukusanya thamani nyingi na kuzifanya vekta moja. Tuchukue wakulima sita, kila mmoja kutoka sehemu yake ya miteremko ya Kilimanjaro:

```
vijiji <- c("Kibosho", "Machame", "Marangu", "Uru", "Mwika", "Kirua")
kilo <- c(48.5, 50, 37.25, 62, 41.8, 55.5)
malipo <- kilo * bei
```

Mstari wa mwisho umezidisha uzito wote sita kwa mara moja. Ukiandika `kilo` utaona hivi:

```
[1] 48.50 50.00 37.25 62.00 41.80 55.50
```

Hukuandika 50.00, uliandika 50. R imezipa namba zote desimali mbili kwa sababu mojawapo, 37.25, ilizihitaji, na ndani ya vekta moja namba huonyeshwa kwa umbo moja. Usisome sufuri hizo kama ushahidi wa usahihi wa mizani.

Vekta hubeba aina moja tu ya thamani. Iwapo mkulima hajaleta mzigo nawe ukaandika `c(48.5, "hajaleta", 37.25)`, namba zote zitageuzwa kuwa maandishi kimyakimya, na wastani hautapatikana. Pahali pasipo na kipimo paandikwe `NA` bila nukuu, na wastani utafutwe kwa `mean(kilo, na.rm = TRUE)`, ambapo sehemu ya pili inaagiza thamani zisizojulikana ziachwe kando. Usiweke sufuri badala yake, kwa kuwa sufuri ni kipimo kamili, na itaushusha wastani wa chama kizima.

Desimali: palipo na ujanja mwingi

Tutafute wastani na mchepuko sanifu wa uzito huo, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani:

```
> mean(kilo)
[1] 49.175
> mchepuko <- sd(kilo)
> mchepuko
[1] 8.969044
```

Mchepuko huo una tarakimu nyingi zaidi ya hizo. Kwa kawaida R huonyesha tarakimu saba zenye maana, nayo huhifadhi takriban kumi na tano hadi kumi na sita. Ukihitaji kuona zaidi, andika `print(mchepuko, digits = 12)`. Ukihitaji chache kwa ajili ya ripoti, `round(mchepuko, 2)` itakupa 8.97. Swali la msingi ni wapi uifanye hiyo `round()`, na jibu langu ni moja: ifanye wakati wa kuonyesha, usiifanye wakati wa kuhifadhi, ila kama kanuni za malipo zinakulazimisha.

Tuseme laki tatu zinagawanywa kwa watu saba:

```
> fungu <- 300000 / 7
> fungu
[1] 42857.14
> fungu_fupi <- round(fungu)
> fungu_fupi * 7
[1] 299999
> fungu * 7
[1] 300000
```

Shilingi moja imepotea katika njia ya kwanza. Kwa watu saba ni jambo la kucheka, lakini katika daftari la wanachama wengi, ambapo kila hatua inajengwa juu ya hatua iliyokwisha kukatwa, mkaguzi atauliza fedha zimekwenda wapi na karani hatakuwa na jibu.

Hata pasipo kukata chochote, desimali zina tabia yake. Kompyuta huzihifadhi kwa mfumo wa namba za msingi wa mbili, ambamo sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu, kama vile theluthi isivyoweza kumalizika katika desimali zetu. Kwa hiyo `0.1 + 0.2` huonekana kuwa 0.3, lakini ukiuliza `0.1 + 0.2 == 0.3` utajibiwa `FALSE`. Unapolinganisha desimali tumia `isTRUE(all.equal(0.1 + 0.2, 0.3))`, ambayo hupuuza tofauti ndogo mno.

Hatua ya nne: kuonyesha kwa ajili ya msomaji mwingine

Amri ya `print()` inamfaa mchambuzi mwenyewe. Kwa sentensi itakayosomwa na mwenyekiti wa chama, `cat()` ni bora, kwa sababu huunganisha maandishi na vigeu, na haitoi nukuu wala ile `[1]`:

```
cat("Mkulima wa", vijiji[2], "atalipwa shilingi",
    format(malipo[2], big.mark = ",", scientific = FALSE), "\n")
```

Matokeo yake ni: Mkulima wa Machame atalipwa shilingi 300,000. Mabano ya mraba yamechagua thamani ya pili katika kila vekta. Kipengele cha `big.mark` kimerudisha mkato wa maelfu tuliokatazwa wakati wa kuhifadhi, na `scientific = FALSE` kimezuia ile 3e+05 isirudi, hata kwenye kompyuta ambayo haikuwekewa `scipen`. Alama ya `"\n"` inahamisha kituo cha kuandikia hadi mstari mpya. Amri ya `cat()` haifanyi hivyo yenyewe, na ukiisahau, alama ya `>` itaganda mwishoni mwa sentensi yako.

Angalia kwamba `format()` hutoa maandishi. Ukihifadhi matokeo yake katika `malipo`, hutaweza tena kuyajumlisha. Yaache ndani ya `cat()`.

Kwa kuonyesha wakulima wote, unganisha vekta katika jedwali:

```
> jedwali <- data.frame(kijiji = vijiji, kilo = kilo, malipo = malipo)
> jedwali
   kijiji  kilo malipo
1 Kibosho 48.50 291000
2 Machame 50.00 300000
3 Marangu 37.25 223500
4     Uru 62.00 372000
5   Mwika 41.80 250800
6   Kirua 55.50 333000
```

Jumla, `sum(jedwali$malipo)`, ambapo alama ya `$` huchagua safu ya malipo katika jedwali, ni 1770300. Linganisha namba hiyo na hesabu ya mkono kabla hujaiamini skripti yoyote mpya.

Kuna mahali pawili ambapo kuandika jina peke yake hakuonyeshi kitu. Pa kwanza ni ndani ya mzunguko wa `for`, ambao hurudia amri zilezile mara kadhaa, na pa pili ni skripti inayoendeshwa kwa `source()`. Katika hali zote mbili hesabu hufanyika, lakini skrini hubaki tupu hadi uandike `print()` au `cat()` waziwazi:

```
for (i in 1:6) {
  cat(vijiji[i], kilo[i], "\n")
}
```

Hatua ya tano: kuhifadhi kwenye diski

Vigeu vyote tulivyotengeneza viko kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika na kompyuta haina betri, vimekwenda. Amri ya `ls()` huorodhesha vilivyopo, na `rm(bei_mpya)` hukiondoa kisichohitajika, bila kukuuliza mara mbili.

Kinachostahili kulindwa kwanza ni skripti, yaani faili la amri zenyewe, liitwalo kwa mfano `mizani.R`, kwa kuwa kutoka humo kila kigeu kinaweza kuzalishwa upya. Ndiyo maana R inapokuuliza wakati wa kufunga kama ihifadhi mazingira ya kazi, nashauri ukatae: vigeu vya jana vinavyojirudisha vyenyewe huificha skripti iliyopungukiwa mistari. Jedwali lenyewe lihifadhi kwa amri hizi:

```
saveRDS(jedwali, "mizani.rds")
write.csv(jedwali, "mizani.csv", row.names = FALSE)
```

Faili la kwanza hutunza aina za thamani jinsi zilivyo, na hurudishwa kwa `jedwali <- readRDS("mizani.rds")`. La pili hufunguka katika Excel, lakini halibebi habari za aina. Lingekuwa na safu ya namba za uanachama, `read.csv()` ingezigeuza kuwa namba na 0047 ingerudi ikiwa 47. Ili kulizuia hilo, soma faili kwa kuagiza safu zote ziingie kama maandishi, `read.csv("mizani.csv", colClasses = "character")`, kisha geuza kilo na malipo kwa `as.numeric()`, na uhakikishe kwa `str()`, ambayo huonyesha aina ya kila safu, kabla ya kujumlisha chochote.